Lango Moja, Serikali Mbili: Shule ya Upili Ndani ya Uwanja wa Chuo cha Ufundi Huendeshwaje?

Katika shule nyingi za msingi za umma mjini Kisumu, watoto wa familia moja huingia asubuhi kupitia lango moja kisha wakaachana uwanjani. Mdogo wa miaka minne huelekea darasa la chekechea, naye dada yake wa Gredi ya 5 huelekea lake. Mzazi huona shule moja. Sheria huona mbili. Mwalimu wa chekechea ni wa serikali ya kaunti, na mwalimu wa Gredi ya 5 ni wa Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Bomba la maji likipasuka katikati ya uwanja, swali la kwanza huwa ni nani mwenye jukumu la kulirekebisha.

Swali hilo hurudi likiwa zito zaidi inapopendekezwa kwamba shule ya upili iwekwe ndani ya uwanja wa chuo cha ufundi. Katika mpango wa aina hiyo, kijana wa Gredi ya 10 husoma Kiingereza, Kiswahili na Hisabati kama wenzake wa shule nyingine, kisha huvuka uwanja hadi karakana ya chuo kujifunza uchomeleaji, umeme au useremala. Anachojifunza karakanani huhesabiwa mara mbili: kwenye masomo yake ya upili na kwenye cheti cha ufundi. Kwa mtaa kama Nyamasaria, ambako gereji, wachomeleaji na mafundi wa mbao hufanya kazi kando ya barabara kuu ya Kisumu–Nairobi, si vigumu kuona kwa nini wazo hili huwavutia wazazi.

Makala haya yanaeleza jinsi shule kama hiyo inavyoweza kuendeshwa, sheria inasema nini, fedha hutoka wapi, na mzazi anapaswa kuuliza nini kabla ya kumwandikisha mtoto.

Wazo lenyewe si geni

Mojawapo ya shule za mwanzo za mpango huu ilifunguliwa jijini New York, Marekani, mwaka wa 1974, ndani ya chuo cha jamii cha LaGuardia. Iliitwa Middle College High School, na ililenga hasa vijana waliokuwa katika hatari ya kuacha masomo. Ilikuwa na uongozi na walimu wake, lakini wanafunzi walitumia majengo ya chuo na waliweza kuhudhuria masomo ya chuo kabla ya kumaliza sekondari. Wazo lilikuwa kwamba kijana anayekaa kila siku miongoni mwa wanachuo huanza kujiona kama mtu anayeweza kufika huko.

Kenya nayo ina historia yake. Kabla ya mfumo wa 8-4-4 kuanza mwaka wa 1985, nchi ilikuwa na shule za sekondari za ufundi, ambako mwanafunzi alisoma masomo ya kawaida pamoja na kazi ya karakanani. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 shule hizo ziligeuzwa kuwa taasisi za mafunzo ya ufundi zinazopokea waliokwisha kumaliza sekondari. Chuo Anuwai cha Kitaifa cha Kisumu, ambacho wakazi wengi hukijua, kina mizizi katika kipindi hicho: kilianza miaka ya 1960 kama shule ya ufundi kabla ya kupanda ngazi hadi kilipo leo.

Vyuo vya ufundi vya vijijini vilianzia kwingine. Mwaka wa 1966 Baraza la Kitaifa la Kikristo nchini lilitoa ripoti iliyouliza vijana wanaomaliza shule ya msingi bila nafasi ya sekondari waende wapi. Vyuo vya vijijini vikawa jibu, vingi vikijengwa kwa harambee. Hivyo tangu mwanzo shule ya upili na chuo cha kijijini vilichukuliwa kuwa njia mbili tofauti: aliyepata nafasi alikwenda sekondari, aliyekosa akaenda chuo. Fikra hiyo bado ipo katika nyumba nyingi, na ni mojawapo ya mambo ambayo shule ya pamoja hulenga kuyabadilisha.

Jirani Tanzania imechukua hatua kama hiyo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeigawa elimu ya sekondari katika mikondo miwili: mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Mwanafunzi wa amali husoma masomo ya sekondari huku akijifunza fani.

Kuna pia funzo chungu la kukumbukwa. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza, wazazi kote nchini walichangishwa kujenga karakana za useremala, ufumaji na sayansi ya nyumbani. Vifaa vilipokosekana na mtaala ulipopunguzwa baadaye, karakana nyingi ziligeuka kuwa stoo au madarasa ya kawaida. Majengo yalikuwepo, ila hapakuwa na mpango wa kudumu wa kulipia walimu, vifaa na matengenezo.

Kwa nini sasa

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, mwanzo wa Sekondari Pevu. Ngazi hii ina njia tatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, maarufu kama STEM, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kila mwanafunzi husoma masomo ya lazima, kisha huchagua mengine matatu kulingana na njia yake.

Ndani ya STEM kuna masomo ya ufundi: ujenzi, umeme, ufundi wa vyuma, ufundi wa mbao, mitambo ya magari, teknolojia ya habari na utangazaji, urubani na ufundi wa ndege, na teknolojia ya bahari na uvuvi. Kwa kaunti iliyo kwenye ufuo wa Ziwa Victoria, hilo la mwisho lina maana ya pekee.

Tatizo ni kwamba masomo haya hayafundishiki kwa chaki peke yake. Somo la mitambo ya magari linahitaji injini. Somo la ufundi wa vyuma linahitaji mashine za kuchomelea, gesi, vifaa vya kujikinga na umeme wa fezi tatu. Shule nyingi za kutwa hazina karakana, na kuzijenga upya katika kila shule ni gharama kubwa. Vyuo vya ufundi, kwa upande mwingine, tayari vina karakana na wakufunzi. Hapo ndipo hoja ya kuviweka pamoja inapopata nguvu.

Sheria inagawa kazi vipi

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa serikali za kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya mafunzo ya kazi za nyumbani na vituo vya malezi ya watoto. Elimu ya msingi, sekondari na vyuo vikuu inabaki kwa serikali ya kitaifa. Vyuo vikubwa, kama vyuo anuwai vya kitaifa, pia viko chini ya serikali ya kitaifa.

Kwa hiyo, shule ya upili ikiwekwa ndani ya chuo kinachosimamiwa na kaunti, serikali mbili zinakutana uwanjani. Hilo halijakatazwa. Kifungu cha 187 cha Katiba kinaruhusu serikali moja kukabidhi nyingine jukumu lake kwa makubaliano, ikiwa anayekabidhiwa anaweza kulitekeleza vizuri zaidi. Lakini kifungu hichohicho kinaweka masharti mawili. Kwanza, fedha za kutekeleza jukumu lazima ziende pamoja nalo. Pili, serikali iliyopewa jukumu hilo na Katiba hubaki ikiwajibika, hata baada ya kulikabidhi. Kifungu cha 189 nacho kinaruhusu serikali hizi kuunda kamati za pamoja.

Makubaliano haya si makaratasi tu. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alitoa waraka akizitaka kaunti ziwe na makubaliano na serikali ya kitaifa kabla ya kutoa basari kwa wanafunzi wa sekondari na vyuo vikuu, kwa kuwa elimu hiyo si jukumu la kaunti. Magavana walikwenda mahakamani, na utekelezaji wa waraka ukasimamishwa. Katika kipindi hicho wazazi waliokuwa wakitegemea basari walibaki wakisubiri. Karatasi isiyotiwa saini mapema inaweza kumzuia mtoto nyumbani.

Mtoto ni wa nani?

Jambo la kwanza la kuamuliwa ni usajili. Mwanafunzi wa shule ya upili ya umma husajiliwa katika mfumo wa taarifa wa Wizara ya Elimu na kupewa nambari yake. Nambari hiyo ndiyo inayoleta fedha za serikali. Kiwango kilichowekwa kwa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa ni Sh22,244 kwa mwaka, na kwa utaratibu hugawanywa asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili na 20 wa tatu. Vyuo vya ufundi vya kaunti navyo vilianzishiwa ruzuku ya kitaifa katika mwaka wa fedha wa 2017/2018, iliyohesabiwa kwa Sh15,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka.

Mtoto mmoja hawezi kuhesabiwa kama wawili. Akisajiliwa kama mwanafunzi wa upili, fedha zake huenda shuleni. Chuo kinachompokea karakanani kitatumia vyuma, mbao, nyaya, gesi na umeme kwa ajili yake bila kupokea chochote, isipokuwa makubaliano yaseme wazi shule italipa kiasi gani, kwa kila mwanafunzi, na lini. Jambo hili lisipoandikwa, chuo huanza kubania vifaa kimyakimya au mzazi huanza kuombwa "pesa kidogo za karakana" ambazo hazimo katika karo iliyoidhinishwa.

Anayefundisha ni nani?

Mwalimu wa shule ya umma ni lazima asajiliwe na TSC. Mkufunzi wa chuo cha ufundi ni lazima asajiliwe na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Kiufundi, TVETA, ambayo pia huidhinisha chuo chenyewe na kozi zake. Hizi ni leseni mbili tofauti. Fundi hodari wa uchomeleaji aliyeajiriwa na kaunti huenda hana nambari ya TSC, naye mwalimu wa Fizikia aliyeajiriwa na TSC huenda hana ruhusa ya kutathmini kozi ya ufundi.

Njia inayoelekea kufaa zaidi ni kila mmoja kubaki na kazi yake. Masomo ya lazima hufundishwa na walimu wa TSC. Kazi ya karakanani husimamiwa na wakufunzi wa chuo, huku mwalimu mmoja wa somo husika upande wa shule akiwa kiungo: anahudhuria karakanani, anatunza kumbukumbu za kila mwanafunzi, na anahakikisha alama zinafika zinakotakiwa kufika.

Makubaliano yanapaswa pia kusema nani ana neno la mwisho. Wakazi wameona tayari ugumu huu. Darasa za sekondari msingi zilipowekwa ndani ya shule za msingi kuanzia 2023, walimu wake walilalamika mara kwa mara kuhusu kuwa chini ya uongozi wa shule ya msingi, na wakadai uhuru wao. Watoto walikuwa darasani huku watu wazima wakibishana kuhusu ofisi. Shule ya upili ndani ya chuo inahitaji mwalimu mkuu mmoja na meneja mmoja wa chuo, kila mmoja akijua mipaka yake, na kamati ya pamoja inayokutana kwa tarehe zilizopangwa, si wakati wa ugomvi tu.

Cheti kipi, na nani anakitoa?

Hili ndilo jambo lenye hatari kubwa kwa mtoto. Vyeti viwili hutoka katika milango miwili.

Masomo ya sekondari hutathminiwa na Baraza la Mitihani la Kitaifa, KNEC. Katika mtaala wa umilisi, sehemu ya alama hutoka kwenye tathmini zinazofanyika shuleni, ambazo shule huzituma KNEC kwa njia ya mtandao. Ikiwa mkufunzi wa karakana anaweka alama katika daftari la chuo na hakuna mwenye jukumu la kuzifikisha shuleni, mwanafunzi anaweza kuwa amefanya kazi yote vizuri na bado akaonekana hana alama.

Cheti cha ufundi nacho hutathminiwa na baraza la mitaala na vyeti vya ufundi, CDACC, au kwa majaribio ya kiserikali yanayosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, ambayo huanzia daraja la tatu na kupanda hadi la kwanza. Tathmini ya CDACC haifanani na mtihani wa kawaida. Mwanafunzi hukusanya ushahidi wa kazi aliyoifanya, hufanya kazi halisi mbele ya mtathmini, na matokeo husema ama ameonyesha umilisi au bado. Vyeti hivi vimepangwa katika ngazi za mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2014. Ngazi ya 4 ni ya fundi wa mwanzo, ya 5 ni ya cheti cha juu zaidi, na ya 6 ni diploma.

Kinachotakiwa ni chuo kumsajili mwanafunzi wa upili kwa tathmini ya ufundi mapema, kwa ngazi inayolingana na saa alizofundishwa. Saa chache za karakanani kwa wiki hazimfikishi mtu kwenye cheti kikubwa, na mzazi asiahidiwe hivyo. Lakini vitengo vya umilisi vilivyokamilika na kutambuliwa humwezesha kijana kujiunga na chuo baada ya Gredi ya 12 bila kuanza upya. Faida hiyo hutoweka ikiwa hakuna rekodi rasmi. Kijana atakuwa amejifunza kuchomelea, naam, lakini atakapoomba nafasi ataambiwa aanze pamoja na asiyewahi kushika elektrodi.

Ratiba: hesabu ya karakana

Wengi hufikiri ugumu ni kupata jengo. Waalimu wakuu watasema ugumu ni kupanga ratiba.

Tuchukue mfano. Darasa moja lina wanafunzi 48, na karakana ya uchomeleaji ina vituo 12 vya kazi. Kipindi cha Sekondari Pevu ni dakika 40, na kazi ya karakanani huhitaji vipindi viwili vilivyounganishwa, yaani dakika 80, kwa sababu kuvaa vifaa vya kujikinga na kusafisha baadaye hula muda. Tuseme somo limepewa vipindi sita kwa wiki, yaani vipindi vya pamoja vitatu.

Ikiwa kila mwanafunzi atakuwa na kituo chake, darasa litagawanywa katika makundi manne ya watu 12. Kila kundi likiingia mara tatu kwa wiki, karakana itatumika mara 12, ambazo ni saa 16. Hilo ni darasa moja tu, na chuo kina wanafunzi wake wanaohitaji mashine zilezile. Wanafunzi wawili wakishirikiana kituo kimoja, makundi hupungua hadi mawili na saa hushuka hadi nane. Hapo inawezekana, lakini bado ni lazima pawe na mwalimu wa kukaa na kundi lililobaki darasani, na mkufunzi ambaye muda wake wa ziada umelipiwa.

Kalenda nazo hazilingani. Shule za upili humaliza muhula wa tatu mapema ili kupisha mitihani ya kitaifa ya Novemba, ilhali vyuo vya ufundi kwa kawaida huanza muhula wa tatu Septemba na kuendelea hadi karibu na Desemba. Zaidi ya hayo, hadi KCSE ya mwisho ifanywe mwaka wa 2027, shule za upili zinaendesha mitaala miwili kwa pamoja. Mwaka 2026 zina Gredi ya 10 pamoja na Kidato cha 3 na cha 4. Mwalimu mkuu anayepanga ratiba ya karakana anafanya hivyo akiwa na mzigo huo tayari.

Mafunzo ya kazini, ambayo ni sehemu ya kozi nyingi za ufundi, yanafaa kupangwa wakati wa likizo. Hapa Nyamasaria ina bahati, kwa kuwa mwanafunzi anaweza kutembea hadi gereji au kwa fundi wa vyuma. Ila mwanafunzi aliye chini ya miaka 18 hapaswi kupelekwa popote pale. Lazima pawe na barua ya wazazi, bima, fundi anayejulikana na shule, na orodha ya kazi anazoruhusiwa na asizoruhusiwa kufanya.

Watoto na watu wazima katika uwanja mmoja

Chuo cha ufundi hupokea watu wa rika mbalimbali: aliyetoka Darasa la Nane miaka mingi iliyopita, mama wa watoto wawili anayesomea ushonaji, kijana wa miaka 24 aliyemaliza Kidato cha 4. Wana simu, huvaa nguo za nyumbani, na hutoka langoni wanapotaka. Mwanafunzi wa upili ana sare, haruhusiwi simu, na shule ndiyo inayowajibika kwake hadi saa ya kwenda nyumbani.

Sheria hizi mbili haziwezi kuachwa zijipange zenyewe. Mambo ya msingi ni haya: daftari la kuhudhuria karakanani, linalotiwa saini mwanzo na mwisho wa kila kipindi, vyoo tofauti vya wanafunzi wa upili, na vya wasichana vikiwa karibu na madarasa yao, mwalimu wa kike anayefahamika ambaye msichana anaweza kumwendea, na sheria moja ya nidhamu iliyosomwa kwa wakufunzi wote, hata wale wa kandarasi. Wasichana wakijihisi hawako salama karakanani, hawataandamana kulalamika. Watachagua somo lingine mwaka unaofuata, na karakana itabaki ya wavulana.

Hata hivyo, kuchangamana huku kuna faida. Kijana wa miaka 16 anayemwona mtu mzima akirudi darasani kutafuta cheti cha kazi ambayo ameifanya kwa mikono kwa miaka kumi, anaelewa thamani ya karatasi hiyo kuliko hotuba yoyote.

Mambo ya Nyamasaria yenyewe

Mpango wowote hapa unapaswa kukabiliana na mambo mawili ya mahali.

La kwanza ni barabara. Barabara kuu ya Nairobi hupita hapa ikiwa na malori, mabasi na matatu za kwenda Ahero na kwingineko. Shule inayofunga jioni baada ya kipindi cha karakana huwatoa watoto wakati magari yamejaa. Saa za kumaliza, mahali pa kuvukia na kituo cha bodaboda vinafaa kupangwa pamoja na ratiba.

La pili ni maji. Mto Nyamasaria na nyanda za Kano hujulikana kwa mafuriko wakati wa mvua za masika. Dawati likilowa hukauka. Mashine ya kuchomelea, mota ya umeme au tarakilishi ikizama, imekwisha. Kwa hiyo karakana hujengwa kwenye kiwango cha juu kuliko madarasa, soketi huwekwa juu ukutani, mitaro huzibuliwa kabla ya Machi, na kila mashine huandikwa katika daftari la mali likionyesha ni ya shule au ya chuo. Siku ya mafuriko si siku ya kuanza kubishana mashine ni ya nani.

Maswali ya mzazi kabla ya kutia saini

Mzazi anayeambiwa kwamba mtoto wake atapata vyeti viwili ana haki ya kuuliza:

Je, mtoto amesajiliwa wapi, na nambari yake ni ipi?

Je, kozi ya ufundi na chuo vimeidhinishwa na TVETA? Aombe kuona cheti cha idhini.

Tathmini ya ufundi ni ya CDACC au NITA, ya ngazi au daraja gani, na mtoto atasajiliwa lini?

Nani hupeleka alama za karakana KNEC, na mzazi anaweza kuziona kila muhula?

Je, vifaa vya karakana vimo katika karo iliyoidhinishwa, au kuna malipo mengine? Kama yapo, yaidhinishwe na nani?

Mtoto akihamia shule nyingine katikati ya mwaka, kazi aliyoifanya karakanani itaandikwa wapi ili aende nayo?

Swali la mwisho mara nyingi husahaulika. Familia huhama, na mtoto hapaswi kuacha nyuma mwaka mzima wa jasho kwa sababu rekodi ilikuwa katika daftari la mkufunzi.

Sauti ya mkazi inaingia wapi

Chuo cha ufundi kikiwa cha kaunti, karakana, wakufunzi na vifaa vyake hupangwa katika bajeti ya kaunti, na bajeti ina tarehe zake chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Waraka wa mkakati wa fedha hufika kufikia Februari 28. Makadirio ya bajeti hufika kufikia Aprili 30. Kabla ya hatua hizi wananchi hualikwa kutoa maoni katika wadi.

Maoni yanayosaidia ni yale yaliyo mahususi. "Tunataka chuo kizuri" ni vigumu kuingiza katika bajeti. "Tunataka karakana iwe na vituo vya kutosha, iwe na bima, na wakufunzi wawili walioajiriwa" ni maneno ambayo mwakilishi wadi anaweza kuyabeba hadi kwenye kamati na kuulizwa baadaye aliyafikisha wapi. Kwa upande wa shule ya upili, sauti ya mzazi hupitia bodi ya usimamizi na chama cha wazazi, ambavyo vipo kwa mujibu wa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013.

Mkazi anapoambiwa katika baraza kwamba shule na chuo vitakuwa pamoja, aombe kuona makubaliano kabla ya kuoneshwa ramani ya majengo. Makubaliano hayo ndiyo yatakayoeleza nani hulipa umeme, nani hufunga lango jioni na nani hutuma alama. Hayo yakishaandikwa na kutiwa saini, mtoto anayevuka uwanja kutoka darasani hadi karakanani atakuwa na uhakika kwamba kazi yake imehesabiwa pande zote mbili.